Shamba la Watoto Watano

Juzi kwenye gulio, mama mmoja aliyepanga nyanya karibu nami alifungua kikopo cha dawa ya kuchua ili ampake mtoto wake kifuani. Harufu ya kafuri ilinifikia kabla sijakiona kikopo chenyewe. Nilikuwa nachagua dagaa. Mkono ukasimama hewani, mwenye dagaa akaniuliza kama nimeona mdudu. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu. Mtu huyo alifariki huko kwao Usukumani msimu wa mvua uliopita, na taarifa ilinifikia ikiwa imeshapoa, kwa mdomo wa mchimbaji aliyekuwa akipita njia. Sikuweza kwenda kumzika. Tangu hapo harufu ile ikinijia haiji peke yake. Inakuja na ua wetu uliofagiliwa, mbuzi wetu mwekundu, na mdogo wangu Mwita amechuchumaa chini akibishana.

Sisi tulioacha shule mapema huwa hatuulizwi tunakumbuka nini cha shule. Watu hudhani hakuna. Mimi nakumbuka maeneo. Nakumbuka mstatili uliokatwa kona, duara lililokaa ndani ya mraba, njia inayozunguka bustani. Sikuyasoma darasani. Niliyasikia nikimenya mihogo, mgongo wangu ukiwa kwa waliokuwa wakisoma, na labda ndiyo maana yamekaa kichwani yakiwa na ladha ya mihogo mibichi.

Kijiji chetu kiko upande wa Kerende, mahali ambapo mlio wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu unaingia hadi kwenye chakula. Unatafuna huku ukisikia kitu kingine kinatafuna kwa mbali. Baba alifariki kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Mama alimfuata nikiwa darasa la sita, darasa moja nyuma ya mdogo wangu Mwita kwa kukaa nyumbani kumuuguza, baada ya kuugua kwa muda mrefu hadi godoro likashika umbo lake. Tulimzika kando ya baba, ubavuni mwa nyumba, kama ilivyo kwetu. Baba mdogo Marwa alichinja fahali wake mwenyewe kulisha waombolezaji, na nalisema hili mapema ili asije akaonekana mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wengi na ardhi ndogo.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa kutugawa. Wegesa, mdogo wetu wa mwisho ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kumng'oka, aende kwa shangazi kule Busawe. Mwita abaki kwa baba mdogo. Mimi, walisema, nimeshakaribia kuolewa, kwa hiyo popote ni sawa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Nikasema, bila kuulizwa, kwamba nitabaki na wadogo zangu kwenye nyumba ya mama. Msichana hasemi mbele ya kikao cha namna ile. Kikombe kimoja kiligonga sahani yake, kisha mzee mmoja akacheka.

"Marwa, huyu wako ana kichwa cha fahali."

"Si wangu," baba mdogo akajibu. "Ni wa marehemu kaka. Yeye ndiye alikuwa hivyo."

Wakatuacha pamoja, nadhani zaidi kwa kuchoka kuliko kwa huruma. Kesho yake nilikunja sare yangu nikaiweka chini ya magunia. Lakini kuhusu Mwita walikuwa na neno lao. Akimaliza darasa la saba na mavuno yakiingia, angekwenda na mjomba wetu kwenye mashimo ya dhahabu, kupandisha mawe. Mwalimu wake wa darasa alijaribu kumtetea. Alisema ng'ambo ya Mto Mara, mbele ya Kenyamonta, kuna shule ya watawa inayopokea yatima wachache na kuwasomesha bure hadi kidato cha nne, ila lazima wapite mtihani wao, na mtihani huo unaua watoto kwenye hesabu za maeneo.

Baba mdogo alifikiri, akatema mate pembeni.

"Akipita, apite. Asipopita, mashimo hayaulizi hesabu."

Hivyo ndivyo mwaka wetu wote ulivyobaki umening'inia kwenye karatasi moja ambayo hatukuwa tumeiona.

Shija ndiye aliyetuletea karatasi hizo, za mitihani ya nyuma, zilizochakaa kwenye mikunjo. Alikuwa kijana wa Kisukuma aliyemaliza kidato cha nne kwao, akaja kutafuta dhahabu, na ukingo wa shimo ukamwangukia mguuni. Mguu ulipona ukiwa umejipinda kama mpini uliokauka vibaya. Hakuweza tena kuteremka shimoni wala hakutaka kurudi kwao mikono mitupu. Baba mdogo alimpa kibanda cha kuwekea majembe, na chakula chake kikatoka kwenye sufuria yangu. Yeye akalipa kwa kumfundisha Mwita. Kila asubuhi alikaa kwenye kigogo akiuchua mguu ule kwa dawa ya kafuri, taratibu, akiuma meno, na Mwita akikaa mbele yake akiutazama. Sikuhitaji kumweleza Mwita mashimo yanafanya nini kwa watu. Alikuwa anafundishwa hesabu na mguu huo.

Shija alichorea chini, kwa kijiti, kwenye ua nilioufagia. Alikuwa na utani wa kwao, hakuacha kutuchokoza.

"Nyanda," alimwita Mwita kwa Kisukuma chake, yaani kijana. "Nyie Wakurya ugomvi wenu hauishi. Hata mstatili mnataka kuupiga."

"Haujakaa sawa, mwalimu. Upande huu umepinda."

"Nimechora na mguu mbovu. Wewe uchukulie umenyooka."

Hapo ndipo shida yetu ilipokuwa. Mwita alikuwa mwepisi kwa namba kuliko mtoto yeyote niliyemjua, lakini hakuweza kukichukulia kitu kuwa vile kisivyo. Akipewa bustani yenye njia ndani yake, aliuliza mwenye bustani ana wazimu gani kupoteza udongo mzuri kwa njia pande zote nne. Akipewa tangi, aliuliza kama linavuja. Na mimi, nikiwa na kisu na mihogo yangu, nilikuwa upande wake. Niliamini kabisa kwamba watu wanaotunga mitihani wametembea vijijini, wakaona mashamba na mizizi ya miti, na kwamba wanachotaka kujua ni kama mtoto huyu anaishi akiwa na macho. Niliwawazia wakiwa na viatu vyenye vumbi.

Kisha ikaja siku ya mbuzi. Swali lilisema mbuzi amefungwa kwa kamba ya mita saba kwenye kona ya nje ya nyumba, tafuta eneo analoweza kula majani. Shija akachora nyumba, akachora kamba, akaeleza kwamba nyumba inazuia robo ya duara, zinabaki robo tatu. Mwita alielewa palepale. Akafanya hesabu yake kwenye mchanga, na jibu lake likawa kubwa kuliko la Shija.

"Umetoa wapi hii nyongeza?"

"Shingo, mwalimu."

"Shingo gani?"

"Ya mbuzi. Kamba inafungwa mguuni. Kamba ikiisha, mbuzi ananyoosha shingo. Anakula hadi hapa." Akaonyesha kwa mkono, mbele ya mstari wa Shija.

"Nani kakwambia amefungwa mguuni?"

"Kwani nyie Wasukuma mnafunga mkia?"

Nilicheka hadi kisu kikanitoka. Shija naye akacheka, lakini Mwita hakuwa anatania. Alikwenda akamleta mbuzi wetu mwekundu, akamfunga mguu wa mbele kwenye nguzo ya kona ya nyumba ya mama, na siku iliyofuata tukaenda wote watatu kutazama, Wegesa akiwa mgongoni kwangu. Majani yalikuwa yameliwa nje kabisa ya urefu wa kamba. Zaidi ya hapo, karibu na ukuta mbuzi hakugusa kitu, maana hapo ndipo nilipokuwa namwaga majivu. Mwita akasimama katikati ya duara lile lililonyolewa, mikono kiunoni.

"Sasa mwalimu, nani kakosea? Mimi au mbuzi?"

Shija alimvuta akamkalisha kwenye kigogo. Alipozungumza, utani ulikuwa umemtoka.

"Mbuzi wa mtihani hana shingo. Sikiliza vizuri. Hana shingo, hana njaa, hachagui majani. Ni nukta mwishoni mwa mstari. Ukimpa shingo, watakukosesha, na mwakani utakuwa unapandisha mawe. Unataka kuwa mkweli au unataka kwenda shule?"

Mwita aliangalia mguu wa mwalimu wake. "Shule."

"Basi mkate shingo."

Akamkata. Iliwachukua muda, lakini kabla ya mahindi kukomaa Mwita alikuwa anaweza kukaa na swali lolote la eneo na kulivua kila kitu kilichokuwa hai ndani yake. Nilifurahi, na wakati huohuo nilikuwa na kitu kinanikwaruza ambacho sikukijua jina. Alikuwa hanibishii tena hata mimi. Nikimwambia mahindi yamebaki debe moja, aliitikia kwa kichwa tu na kuandika.

Siku moja baada ya mavuno baba mdogo alikuja kwenye shamba la mama, lile linaloanzia nyuma ya makaburi na kuteremka hadi kwenye kijito. Alikuwa anatembea kwa hatua ndefu zilizolingana, akihesabu kwa sauti ya chini. Alifika mpakani, kwenye mkonge, akageuka, akahesabu ubavu wa pili. Mwita alipomwona alitimua mbio akaanza kuhesabu naye, akipaza sauti, kisha akamwambia eneo lake kabla hajafika nyumbani.

"Hee! Mura, kichwa chako ni moto," baba mdogo akasema, akimwita kijana kwa Kikurya, akamshika begani. "Mna shamba kubwa kuliko nilivyodhani."

Nilimpelekea uji wa ulezi kwa kibuyu. Niliona amekuja kumsaidia Mwita kufanya mazoezi, maana mtihani ulikuwa umekaribia, na nikajilaumu kwa mawazo mabaya niliyowahi kuwa nayo juu yake. Nilimsimulia hata Shija, nikitaka afurahi nami. Shija hakufurahi. Aliuliza tu kama sisi tuna kaka mwingine mkubwa mahali popote. Nikasema hatuna. Akaendelea kuuchua mguu.

Siku ya mtihani tuliondoka alfajiri, Mwita amevaa shati la marehemu baba nililolipunguza mikono. Wegesa alibaki na Shija. Tulipata lori la mihogo hadi darajani, tukavuka, tukatembea kilichobaki. Shule ilikuwa na maua mekundu yaliyopandwa kwenye mstari, na vyumba vyenye harufu ya dawa ya sakafu. Watoto waliingia, sisi walezi tukakaa nje chini ya mapaa ya bati yaliyokuwa yakilia kwa joto. Wengine wote walikuwa watu wazima. Mama mmoja aliniuliza nimemleta nani, nikasema mdogo wangu, akaniuliza mama yuko wapi, nikatazama maua.

Watawa walisahihisha siku ileile. Walikuwa wanaita mtoto mmoja mmoja, wengine wakitoka wamechangamka, wengine wakitoka wakiwa wamefunikwa uso na kanga za mama zao. Mwita aliitwa, kisha mlango ukafunguliwa tena.

"Mlezi wake yuko wapi?"

"Ni mimi, Sista. Shikamoo."

Alikuwa mtawa mnene mwenye miwani, mwenyeji wa mbali, Kiswahili chake kikiwa laini kuliko chetu. Alitazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayekuja. Kisha akasogea nipite. Ndani alikuwepo pia mwalimu mmoja wa kiume, mtu wa huku kwetu, nilimjua kwa uso na kwa namna alivyokaa. Mwita alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Lugha umefanya vizuri," Sista alisema. "Hesabu pia, isipokuwa moja. Na bila hiyo moja hufikii. Nimekuita kwa sababu sijaielewa mbili yako imetoka wapi. Soma swali."

Mwita akasoma. Mzee alikuwa na shamba la mstatili la mita mia moja na hamsini kwa mia moja. Kona moja ya mita hamsini kwa arobaini aliitoa kwa ajili ya kanisa. Ndani ya shamba palikuwa na zizi la duara lenye kipenyo cha mita sabini. Alipofariki, watoto wake Juma, Asha, Neema, Baraka na Rehema waligawana sawasawa eneo lililobaki. Kila mmoja alipata eneo gani?

Mwalimu wa kiume akanong'ona, "Zizi la mita sabini. Huyo mzee alikuwa na ng'ombe."

"Mwalimu," Sista akamkanya, ila alikuwa anatabasamu. Akarudi kwa Mwita. "Umetoa kona. Umetoa zizi, ambalo watoto wengi leo wamelisahau. Umebaki na mita za mraba elfu tisa mia moja na hamsini. Sahihi kabisa. Halafu ukagawa kwa mbili. Hao watoto ni wangapi?"

"Watano, Sista."

"Na umegawa kwa?"

"Mbili. Juma na Baraka."

Sista alicheka, cheko fupi la mtu aliyedhani amesikia vibaya. Mwalimu wa kiume hakucheka. Alianza kuzipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Asha je?"

"Ataolewa, Sista."

"Neema?"

"Ataolewa."

"Na kabla hajaolewa, analima wapi?"

Mwita alifikiri kwa uaminifu wote. "Kwa Juma."

"Swali limesema waligawana sawasawa."

"Ndiyo, Sista. Sawasawa. Juma nusu, Baraka nusu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Lile shati la baba lilimpwaya mabegani. Tulimfundisha kumkata mbuzi shingo. Tulimfundisha kwamba tangi halivuji na ukuta haupindi. Hakuna kati yetu, mimi wala Shija, aliyefikiria kumwambia chochote kuhusu Asha na Neema na Rehema, maana hakuna kati yetu aliyeona kwamba hapo pana kitu cha kuambiwa. Kama angeniuliza usiku wa kuamkia mtihani, ningegawa kwa mbili na mimi.

"Sista," mwalimu wa kiume akasema taratibu, "huku kwetu…"

"Najua huku kwenu." Sista alichukua chaki akampa Mwita. "Nakupa ubao. Fanya tena hatua ya mwisho. Ukiipata, nafasi ni yako. Usipoipata, nina mtoto mwingine hapo nje anasubiri."

Mwita akaandika 9150. Akaandika alama ya kugawanya. Kisha mkono ukasimama. Nilidhani amepatwa na hofu, amesahau. Akageuka akanitazama, na nikaona kwamba hakusahau chochote. Alikuwa anaiona elfu tisa mia moja na hamsini ile kama anavyoliona shamba la mama kutoka kwenye makaburi, na alikuwa anaogopa kuliandikia uongo.

Nikamwambia kwa Kikurya, "Andika tano."

"Si kweli, dada."

"Andika."

"Baba mdogo atasema nini?"

"Baba mdogo hayumo humu."

Akaandika tano. Akagawa. Elfu moja mia nane na thelathini. Chaki ilikatika kwenye sifuri, akaimalizia na kipande.

"Umemwambia nini?" Sista akaniuliza.

"Nimemwambia asiogope."

"Unaona?" akamwambia Mwita, akimpigapiga begani, amefurahi kweli. "Rahisi tu."

Mwalimu wa kiume alitusindikiza hadi getini. Njiani alimuuliza Mwita kwa Kikurya tuko wangapi nyumbani. Watatu, Mwita akasema. Wa kiume wangapi? Mimi tu. Mwalimu akaguna.

"Basi kwenu hakuna cha kugawa."

Hakukusudia ubaya, alimpa Mwita mkono kama mtu mzima na kumwambia aje shule zikifunguliwa. Lakini neno lile lilitembea nami hadi darajani. Nilikuwa nimepata nilichokiomba tangu matanga. Mdogo wangu hataingia shimoni. Nilipaswa kuruka. Badala yake nilikuwa nahesabu kitu kingine. Shija alikuwa ameniuliza kama tuna kaka mwingine, na sasa ndipo nikaziona zile hatua ndefu za baba mdogo zilikuwa zinapima nini. Mwenye shamba alikuwa mmoja tu, ana miaka ya kuchunga mbuzi, na mimi ndiye niliyetoka kumtafutia nafasi ya kuondoka.

"Dada," Mwita akasema, tukiwa tumeacha barabara, "elfu moja mia nane na thelathini ni kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa macho: kutoka kwenye mti ule hadi kwenye jiwe, na kurudi huku hadi kwenye njia. Akapima kwa kutembea, akaenda hadi kwenye jiwe, akarudi akihema.

"Ni kubwa. Nyumba inaingia, na mihogo, na mbuzi." Akalitazama tena lile jiwe. "Nitakupa."

"Usiseme hivyo nyumbani."

"Kwa nini?"

"Shule bado hazijafunguliwa. Baba mdogo akisikia unarudi na maneno ya kuwapa wasichana ardhi, atasema shule imekuharibu kabla hujaingia, na hutakwenda."

Alinitazama kama alivyowahi kumtazama Shija siku ya mbuzi. Hakubisha. Aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ile hakuligusa tena jambo hilo, na sikujua nilitaka aligusie au aliache.

Nilimpeleka shule mwezi wa kwanza, na sanduku la bati na blanketi la mama. Hakulia. Wegesa ndiye aliyelia, hadi akatapika. Nilirudi nyumbani siku ya pili yake mchana, mvua ya kwanza ikiwa imeshapita, na kabla sijafika kwenye ua nikasikia mjeledi. Ng'ombe wa baba mdogo walikuwa ndani ya shamba la mama. Walikuwa wameanzia juu, nyuma tu ya makaburi, wakishuka. Binamu yangu alikuwa mbele akiwaongoza, baba mdogo ameshika plau. Udongo uliogeuzwa ulikuwa mweusi na unang'aa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mura amefika salama?"

"Amefika."

"Vizuri. Mungu amsaidie." Alisema kwa moyo, namjua. "Shamba nitalitunza hadi atakaporudi. Wewe na mdogo wako mtakula kwangu, hamtakosa."

Nilikwenda kibandani nikamwomba Shija jembe. Aliniangalia usoni, akanichagulia lenye mpini mzuri. Nikamweka Wegesa kwenye kivuli cha mgomba, nikateremka hadi chini kabisa, kwenye kijito, nikaanza kulima kuelekea juu. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba kwetu hakuna mtu anayepitisha plau juu ya udongo ambao mkono wa mwingine umeshaugeuza. Hata maadui hawafanyi hivyo. Nililima siku hiyo, nikaendelea kesho yake, na keshokutwa. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, nikafunga vitambaa. Yeye alikuwa anashuka na ng'ombe wanne, mimi napanda na jembe moja. Kila nilipoinua kichwa walikuwa karibu zaidi. Shija alikuja akakaa ukingoni na mguu wake, akiniletea maji.

Walinifikia siku ya nne, karibu na saa sita. Ng'ombe wa mbele alisimama kwenye ukingo wa udongo wangu, akahema. Binamu yangu akamtazama baba yake. Baba mdogo alifuta jasho kwa mkono, akatazama vile vitambaa, akatazama alama za jembe zilizopinda huku na huko.

"Ghati. Tangu lini unalima bila kuuliza?"

"Tangu mama alipolala, baba mdogo."

Aliinama akabandua udongo ulioganda kwenye plau. Nilisikia makarasha ya Kerende, na kijito, na Wegesa akijiimbia. Ningekuwa nimekosea kidogo tu, kwa sauti au kwa jicho, angepita juu yangu na hakuna mzee ambaye angemlaumu.

"Geuza," akamwambia mwanawe.

Wakageuza. Kipande kilichobaki kwangu hakikuwa na umbo lolote ambalo mtu angeweza kulitafutia eneo: upande mmoja maji, upande mmoja mfereji wa plau, na pembeni mkonge ulioota unavyotaka. Sehemu kubwa ilibaki juu, kwake, na watoto wake wanailima hadi leo. Mwita alimaliza shule, ana kazi na familia mjini, na akija hukaa pale chini kwangu, tunakula mahindi ya kuchoma, anauliza mvua. Hatusemi mengine. Mimi bado nalima pale. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni pangu, na kila msimu naanza mapema, kabla plau hazijatoka.